Fundi funguo wa Gerezani aliyeiponya swichi ya Carina yangu

Ufunguo wa gari ukiingia vizuri kwenye swichi ya kuwashia ila ukagoma kugeuka, kabla hujanunua swichi nyingine mtafute fundi funguo. Siyo gereji. Fundi funguo.

Toyota Carina Ti yangu ni ya 1998 na ufunguo ni ule ule iliokuja nao kutoka Japani. Ulianza kuringa asubuhi asubuhi, mwisho ukagoma kabisa na mzigo wa vitenge umo ndani. Gia iko P, steringi naichezesha kulia na kushoto huku nageuza. Wapi! Gereji moja ikanitajia sh. 180,000 kwa swichi ya mtumba, maana yake nitembee na ufunguo wa milango na mwingine wa kuwashia. Nikakataa.

Huyu wa Gerezani, Dar es Salaam, mwenye meza chini ya mwavuli, alinifuata na begi lake. Akaushika ufunguo juani: "Dada, meno yamelika haya, ona yalivyolainika." Wengi wangenakili huo huo mbovu. Yeye akafungua kitasa cha mlango wa abiria, ambacho hakitumiki sana, akasoma namba ndogo zilizogongwa kwenye vibati vya shaba vya ndani yake, akachonga ufunguo mpya kwa vipimo hivyo. Hapo ndipo nilipomkubali.

Ukageuka, ila kwa kukwaruza. Ulipofika ACC, ile hatua ya redio kabla ya kuwasha, akabonyeza kipini kwa bisibisi nyembamba, silinda ya ufunguo ikachomoka, vibati akavipanga juu ya gazeti. Viwili vimelika upande, vyote vimeshikana kwa uchafu mweusi. "Nani kapuliza oili humu?" Kijana wa kuosha magari, kwa nia njema kabisa. Oili hukamata vumbi, akasema. Akasafisha kwa petroli, akabadilisha viwili vile, akapaka unga wa penseli. Sasa nageuza kwa vidole viwili, na ufunguo huo huo unafungua milango yote.

Nimelipa sh. 60,000 pamoja na ufunguo wa akiba. Lawama zipo: "nusu saa" yake ilifika alasiri, risiti hatoi, na kava la steringi alilirudisha bila skrubu moja, akaja kuifunga huku ananuna. Mwenye gari la ufunguo wa chipu, ule unaotambuliwa na kompyuta ya gari, asimsumbue; mashine ya kuusajili hana, na hilo aliniambia mwenyewe kabla sijauliza.