Haunted Mansion ya Disneyland: tathmini kwa masikio tu

Jumba la mizimu (Haunted Mansion) la Disneyland, bustani ya burudani iliyoko California, lilifunguliwa Agosti 1969; wageni hulipitia wakiwa wamekaa kwenye vigari. Wimbo wake, "Grim Grinning Ghosts", ulitungwa na Buddy Baker, na mashairi yakaandikwa na Xavier Atencio. Wengi hulisifia jumba hilo kwa picha na mazingaombwe ya vioo. Sisi tumeliweka kwenye mizani ya muziki pekee, na kwa upande huo ni kazi ya daraja la kwanza yenye kasoro mbili za kuudhi.

Ugumu wenyewe kwanza. Mtunzi wa filamu anajua mlango utafunguliwa sekunde ya ngapi, na anaandika akiwa na saa mkononi. Ndani ya jumba hili saa hiyo haipo. Vigari, vinavyoitwa Doom Buggy, vimefungana katika mnyororo mmoja usiokatika, na kingine kinaingia chumbani kabla cha mbele hakijatoka. Kwa hiyo muziki wa chumba hauna mwanzo wala mwisho: unazunguka kutwa, na kila abiria anaudaka pale alipoukuta, hata katikati ya ubeti. Tena spika za chumba cha pili zinasikika kabla hujafika. Mtunzi asiye makini hapo atazalisha kelele tu.

Baker alitumia lahani (melodi) moja na kuibadilishia mavazi. Ukumbi wa kuingilia una kinanda kinachokokota lahani polepole, mwendo wa mazishi. Kwenye ukumbi wa dansi lahani hiyohiyo inageuka waltz, mapigo matatu matatu, bado kwa kinanda, na asiyesikiliza kwa makini hatatambua kuwa ni ileile. Makaburini inachangamka na kuwa wimbo wa kuimbwa. Katikati ya vituo hivyo kuna sehemu ndefu za upepo, vilio na maneno ya msimulizi, Paul Frees, bila lahani kabisa. Ukimya huo tunausifu kuliko chochote: unaipumzisha lahani, na ikirudi inakuwa na nguvu. Watunzi wengi wa siku hizi wangejaza okestra kila kona.

Makaburi ndiyo kipimo halisi. Bendi ya mizimu, waimbaji wa opera, masanamu ya vichwa yanayoimba (sauti nzito ya Thurl Ravenscroft imo humo), kila kundi lina spika zake na sehemu yake ya wimbo. Zote ziko kwenye ngazi moja ya sauti na kasi moja, na zinaanza mzunguko kwa pamoja. Kigari kinaposogea, ala za kundi moja zinafifia na za jingine zinapanda, ila wimbo haukatiki. Abiria ndiye anayeuchanganya muziki kwa kupita kwake. Mpango huu hausamehe hitilafu: spika za kundi moja zikichelewa hata nusu ya pigo, makundi jirani yanagongana na eneo zima linakuwa uji.

Kasoro ya kwanza ni maneno. Mashairi ya Atencio yana vina vitamu na mzaha, lakini makaburini yanazama chini ya vifijo na ala. Yanasikika safi mbele ya yale masanamu tu, na hapo unapita kwa sekunde chache. Tega sikio mapema, kabla kigari hakijayafikia. Kasoro ya pili ni spika zilizo ndani ya kigari, karibu na kichwa. Zinambeba msimulizi vizuri, lakini akianza kusema muziki wa chumba unasukumwa nyuma. Vigari vikisimama, jambo la kawaida abiria anapohitaji muda zaidi wa kupanda, tangazo linatoka na muziki unaendelea kuzunguka. Ukikwama kwenye korido, pole. Ukikwama makaburini, shukuru.

Kwa kulinganisha, ndugu wa Sherman, yaani Robert na Richard, watunzi wa nyimbo wa Disney, walikabili tatizo hilohilo mwaka 1964 walipotunga wimbo wa "it's a small world", safari ya mashua ya Disney, kwa Maonyesho ya Dunia ya New York. Ubeti na kiitikio vinaweza kuimbwa kwa wakati mmoja bila kugombana, hivyo vyumba vya lugha tofauti vinavujiana bila madhara. Ni ufundi mkubwa, ila hali ni moja tangu mlangoni hadi unapotoka, na inachosha. Space Mountain, gari la reli la kasi la hapo Disneyland, ilipita njia nyingine: tangu 1996 muziki unapigwa ndani ya gari lenyewe, na ule wa mtunzi Michael Giacchino uliingia 2005. Mtunzi karudishiwa saa yake, lakini gari lenye abiria wazito au magurudumu yaliyopata joto hukimbia zaidi, kwa hiyo pigo la muziki na kona ya reli havikutani sawasawa kila safari.

Baker hakufika hapa kwa bahati. Alitoka kwenye redio na bendi kubwa, akaingia Disney miaka ya 1950. Kwa Carousel of Progress, onyesho la Disney la 1964, aliuvisha wimbo mmoja wa ndugu wa Sherman mavazi ya zama tofauti, mbinu ileile utakayoikuta jumbani. Kwa Impressions de France, filamu ya 1982 ya Epcot, bustani ya Disney huko Florida, aliunganisha kazi za watunzi wa Kifaransa zikawa mkondo mmoja. Alistaafu 1983, kisha akafundisha utunzi wa muziki wa filamu katika Chuo Kikuu cha Southern California (USC).

Angalizo kwa anayekwenda: tangu 2001, kuanzia wiki kadhaa kabla ya Halloween hadi baada ya Krismasi, jumba la California huvishwa mapambo ya Jack Skellington, mhusika wa filamu The Nightmare Before Christmas, na muziki wa Baker hubadilishwa. Usiende kipindi hicho kama unamfuata Baker. Jumba la aina hiyohiyo la Disney huko Florida, la 1971, halina mabadiliko hayo ya msimu, na lina chumba cha ziada ambamo kivuli kinapiga lahani hiyo kwa piano. Kwa masikio, tunalipendekeza hilo la Florida.