TAHADHARI: muuza bampa anayekufungia mpaka nyumbani, msimpe gari wala pesa

Jamani wa Malindi, Watamu mpaka Gede, naandika hapa na aibu zangu maana nikinyamaza kesho ataingia kwa mwengine. Bampa ya mbele ya gari langu, Toyota Fielder, ilipasuka kona ya kushoto, basi, taa za fogi zote mbili zilikuwa nzima zawaka. Hilo lishikeni.

Nikaona mtu kaposti bampa "original ya Japani", elfu tisa mia tano, kufungiwa bure mlangoni kwako. Nikapiga. Sauti ya upole, salamu ndefu, mpaka hali ya mamangu kaulizia. Alhamisi saa tisa kafika na tuktuk, bampa imeviringwa blanketi, ovaroli safi, spana zimepangwa kwa saizi. Sasa niambieni, nani angemshuku mtu kama yule? Asri kasali na sisi msikitini, safu moja, bega kwa bega!

Kazi yenyewe nilikaa nikaitazama kama sinema. Kafungua boneti, zile klipu za juu ya grili anazitoa moja moja kwa bisibisi bapa, anainua kitovu chake kwanza ndo avute, alafu boliti za namba 10, zote anazitia kwenye kifuniko cha kopo la rangi zisipotee. Kazungusha usukani tairi ikageuka, kaingiza mkono pale juu ya gurudumu katoa skrubu, kalala chini kamaliza za chini. Na huku anafundisha, "kaka, pembeni usivute mbele, vuta nje kwanza iachie kwenye fenda, na waya za fogi chomoa soketi taratibu, mafundi wengi hukata." Nikasema wallahi leo nimepata fundi. Hapo hapo ndo kanituma maji ya kufutia vumbi. Nikaenda, mjinga mie, na chai nikamtilia juu.

Kurudi bampa yake ishapachikwa, yangu ishaviringwa kwenye lile blanketi iko ndani ya tuktuk. "Hii takataka ntakutupia njiani." Nikamshukuru! Nikatuma pesa kwa M-Pesa, jina likatoka la mwanamke, ati "laini ya mke wangu." Haya.

Jumatatu nimepeleka gari kuoshwa, maji ya presha yakagusa kona, kipande kikubwa kama andazi kikadondoka chini pwaa. Pati, ile rojo mafundi huzibia nyufa kabla ya rangi. Ndani yake plastiki imeshonwa kwa waya kama mdomo wa gunia la makaa, na wale vijana wa kuosha wanacheka mpaka wanashika magoti. Usiku nawasha fogi, giza. Kuchungulia ni vioo vitupu vimebandikwa, nyuma hakuna balbu. Zangu ziliondoka na "takataka". Simu yake tangu hapo haipatikani.

Huyu mtu asiombewe msamaha na yeyote. Ashikwe, arudishe pesa na fogi zangu, alafu akalishwe juani pale kwenye mnara wa Vasco da Gama na bampa yake shingoni mpaka pati ipasuke yenyewe, na watoto wa madrasa wapitishwe wamuone. Kusali na watu alafu uwaibie!

Dalili mnaniuliza, zilikuwepo. Bampa yake ilikuwa nzito, nilimsaidia kuishusha nikajiambia ndo uoriginal huo. Hakutaka niigeuze, na ndani ndo kwenye siri, nje rangi inaficha kila kitu. Gonga kwa kidole, plastiki hulia sawasawa kote, penye pati panalia bubu, na pati ngumu kwenye plastiki inayonepa haikai. Msiniletee habari za kupima pati kwa sumaku, hiyo ni ya bati, hii ni plastiki. Na lile jina la M-Pesa. Mengine sikumbuki, nina hasira.

Jana mie na shemeji tumeifungua wenyewe pale uani, vile vile alivyonifundisha, klipu, boliti, skrubu za kwenye tairi, pembeni tunavuta nje kwanza. Klipu tumekuta nne, kwengine kafunga kamba ya nailoni. Na waya za fogi za gari langu, pande zote mbili, hakuna soketi. Kakata kwa koleo.