Makumbusho ya Lubumbashi inafikirisha, mupeleke batoto

Ba ndugu na ba dada, muko Lubumbashi na hamuyaingia hata siku moja mu Makumbusho ya Taifa? Muende. Batu mingi banapita mu mji kila siku banafikiri mule muko masanamu ya zamani tu, kumbe unatoka na maulizo mingi mu kichwa.

Mi kile kilinishika ni misalaba ya mukuba (shaba). Si ya kanisa, apana. Bankambo balikuwa banayeyusha majiwe ya kijani mu tanuru ya udongo wa kichuguu, banapuliza moto na mivukuto, kisha banamwanga mukuba ule mu kiumbo. Ule mukubwa unafika karibu kilo moja, mikono ine, juu yake yote vitundu-vitundu, unaona kabisa ni kazi ya mutu, si ya mashini. Na ilikuwa feza! Kule Sanga, mu bonde ya Upemba, huku Katanga, balipochimbua makaburi 1957 na 1958 balikuta bafu balizikwa na misalaba midogo.

Sasa ukisimama mbele yake unaanza kujiuliza, juu masomoni batu balitufundisha mji ulianza 1910, Union Minière, kampuni ya Babeleji, ikaanza kuyeyusha mukuba hapa 1911, sawa vile mbele yake hakuna mutu alijua kazi ile. Na Tshombe, mukubwa wa jimbo, alipotangaza Katanga ni inchi yake yenyewe, mbali na Congo, 1960, alitia misalaba itatu mu bendera, na ku feza ya sarafu ya 1961 upande moja musalaba, upande ingine ndizi. Juu ya nini alichagua kitu cha bankambo? Na mukuba wenyewe siku zile ulikuwa wa nani? Hayo tulibishana nyumbani na baba mpaka chakula kikapoa, yeye alifanya kazi ku Gécamines, kampuni ya serikali ya mukuba, anajua kampi ya bafanyakazi, anajua posho, lakini musalaba alikuwa anauona ku bitambaa tu.

Njo maana nasema muende na muzee mwenye alifanya kazi ya mukuba, ataongeza yenye haikuandikwa ku ukuta. Bei muulize ku mulango, na muombe mutu wa kubaongoza.

Ba mwalimu, tafazali, musipitishe batoto mbio-mbio sawa banaenda ku foto. Mubape kaye, kila mutoto aandike ulizo yake moja mbele ya kitu kimoja, na kesho yake mu klasi mubaache bajibizane. Mi napana nyota tano.