Kitabu kimeachia gundi palepale kwenye kitundu cha barua

Nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Siku nyingi nilikuwa naitafuta I Am a Hero, manga (katuni ya Kijapani) ya zombi ya Kengo Hanazawa, lile toleo la Kiingereza lenye juzuu mbili katika kitabu kimoja. Nikaagiza kwenye duka fulani, nikasubiri wiki kadhaa. Siku ya pili tu ya kusoma, gundi ikaachia. Na ikaachia wapi? Palepale Hideo anapoinama kuchungulia kwenye kitundu cha barua, mlangoni kwa mpenzi wake Tekko.

Aliyesoma ananielewa. Karibu juzuu nzima ni maisha ya kawaida: Hideo Suzuki, miaka 35, msaidizi wa mchora manga, anaongea peke yake, anaona watu wasiokuwepo, usiku anaogopa chumba chake mwenyewe. Dalili za zombi ziko pembeni tu, unaweza kuzipita. Halafu unafunua ukurasa. Hofu yote imo katika kule kufunua! Mimi kurasa zilinidondokea mapajani, nikamwona Tekko kajipinda kitandani hata Hideo hajafika mlangoni. Hilo nani atanirudishia?

Nikakirudisha dukani. Kijana akakifungua kwa kushoto, akaniambia kimechapwa kinyumenyume. Manga husomwa kuanzia kulia, jamani! Kisha akasema, "Kaka, kurasa si zimo zote? Zipange tu, katuni hiyo." Nikasema sawa, asante. Nikaondoka.

Usiku sikulala. Mimi ni mtu wa kunyamaza, na ndiyo maana nampenda Hideo. Kwa Kijapani jina lake linaandikwa kwa herufi zilezile za neno shujaa, naye kutwa anaomba radhi. Bunduki anayo, kibali anacho, watu wanaliwa mbele yake, na bado anawaza sheria ya silaha inasemaje. Wengi humwita bwege. Mimi namwona mwungwana, mtu asiyetaka kumkosea yeyote hata dunia ikiharibika.

Nilidhamiria kutoa nyota moja. Lakini Hanazawa kanikosea nini? Jana nimezipanga zile kurasa, nikazibana kwa kibanio, nikaanza upya. Najua kabisa kinachokuja, ila nilipofika kwenye kitundu cha barua kidole kikagoma kufunua. Nyota tano, bila kusita.

Duka lile sirudi. Ila kitabu cha pili nimekiona kwao tu, na ninakitaka.