Alaimenti ya gari la otokrosi: huduma ya karakana moja ya Mtwara mjini

Karakana hii ya alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, naipendekeza kwa anayeshiriki otokrosi ya ridhaa, yaani mbio za kupita kati ya koni, gari moja moja, kwa kushindana na saa, ilimradi ajue mapema cha kuwadai mafundi, kwa kuwa mashine yao ni bora kuliko mazoea yao.

Nilipeleka Toyota Starlet iliyokuwa ikikata kona za kushoto vizuri, lakini kwenye kona za kulia ilisukumwa nje hata nilipozidisha usukani. Kabla ya kugusa nati yoyote, fundi alipima upepo, akainua gari, akatikisa kila gurudumu kwa mikono na kukuta bolijointi moja, kiungo kinachoruhusu gurudumu kugeuka na kupanda na kushuka, imelegea. Alikataa kuendelea mpaka ibadilishwe, na nampongeza kwa hilo, maana vipimo vilivyowekwa juu ya bolijointi iliyochoka huhama kwenye shimo la kwanza. Nati za tairodi (fimbo zinazounganisha usukani na magurudumu), zilizokuwa zimeshikwa na kutu kama ilivyo kawaida kwa magari yetu ya pwani, alizilainisha kwa mafuta, kisha akarekebisha pande zote mbili kwa usawa, hivyo usukani ukabaki katikati. Wapo wanaozungusha tairodi ya upande mmoja tu, gari likanyooka na usukani ukabaki umepinda.

Kasoro ilikuwa kwenye kemba, yaani mlalo wa tairi likitazamwa kutoka mbele. Karatasi ya mashine ilitoka na rangi ya kijani tupu, yaani vipimo vyote viko ndani ya kiwango, naye akahesabu kazi imekwisha. Nilipoisoma, kushoto kulikuwa hasi dakika 20 na kulia hasi dakika 55 (dakika 60 ni digrii moja, na hasi maana yake juu ya tairi kumelalia ndani). Kwa gari la kwenda kazini tofauti hiyo haina neno, lakini kwenye koni ndiyo iliyokuwa kiini cha tatizo: gari likikata kulia, uzito huhamia tairi la mbele la kushoto, na tairi lililosimama wima mno hulalia ukingo wake wa nje na kupoteza mshiko.

Nilipomweleza, hakubisha. Alilegeza bolti mbili zinazofunga shokapu, akasukuma sehemu ya juu ya gurudumu kuelekea ndani kadiri matundu yalivyoruhusu, akakaza, na pande zote zikakaribiana. Hata hivyo ilibidi nisisitize apime upya mwelekeo wa matairi, yaani yanakoelekea yakitazamwa kutoka juu, kwa kuwa kemba ikiguswa na mwelekeo hubadilika. Niliomba usiwe wa kuingia ndani wala kutoka nje; kuyaelekeza nje kidogo huamsha gari haraka kwenye kona, lakini kwa anayesafiri mara kwa mara kwenda Lindi au Masasi, kingo za ndani za matairi huliwa upesi.

Bei ilikuwa ya kawaida, na kazi ya bolti waliitoza kando kwa kiasi kidogo. Ukienda, andika vipimo unavyovitaka, na usiondoke bila karatasi mbili, ya kabla na ya baada.