TAHADHARI: Muuza "stenlesi ya baharini" anayetembea na sumaku mfukoni

Jamani, nimekaa kimya wiki tatu kwa aibu. Leo nasema. Wale mlionionya, mlisema kweli, sasa msinikumbushe.

Najenga nyumba Likoni, karibu na bahari, na roshani ya juu ilihitaji reli za chuma. Huyu mtu nililetewa na "rafiki" (naye mnamjua, sisemi naye) kwamba ni bingwa wa nyumba za ufuoni. Huchora ramani, na huuza vyuma visivyoshika kutu.

Alikuja Ijumaa baada ya sala, kanzu imenyooka, viatu amevishika mkononi asivichafue. Hakunisalimia kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye rundo la mchanga, akachota kidogo kwa vidole viwili, akauweka ulimini. Akatema. "Dadangu, huu umechotwa pwani. Chumvi ikiingia kwenye zege, inaitafuna nondo kwa ndani. Kutu inavimba, zege linapasuka." Dereva wa lori aliyeuleta alikuwapo, akaangalia chini. Mchanga ukarudishwa siku ile ile.

Akaenda kwenye nguzo ya upande wa maji. Nondo zimefunikwa kwa unene wa kidole kimoja. Akasema upande wa bahari zege lifunike milimita 50, hakuna mjadala. Fundi wangu alinuna siku mbili lakini akavunja. Nilimuuliza injinia, akasema ni kweli kabisa. Na ni kweli mpaka leo! Hapo ndipo mlipo mtego wenyewe. Kila alichosema bure kilikuwa sahihi, uongo ukaja kwenye kile cha kulipia. Sasa niambieni, nyinyi mngemshuku?

Akafungua gunia, akatoa vipande viwili vya bomba. Akachomoa sumaku mfukoni, akaisogeza kwenye cha kwanza. Tak! Ikanasa. "Hiki ndicho wanachowauzia mjini." Akaiweka kwenye cha pili, ikateleza ikaanguka mchangani. "Hii ni stenlesi aina ya 316. Hii ndiyo inayofungwa kwenye mashua." Akanipa nijaribu mwenyewe. Nikajaribu mara tatu, kama mtoto na mchezo wa mazingaombwe. Kisha akatuma mtu na ndoo akachote maji ya bahari, akakitumbukiza kile kipande, akaniambia nikae nacho wiki nzima nisimwamini yeye, niyaamini macho yangu. Na sumaku akaniachia zawadi.

Wallahi nilikuwa nakichungulia kila asubuhi kabla ya chai. Hakikuweka hata doa.

Nikamtumia 120,000 kati ya 186,000 za reli, kwa M-Pesa, nikiwa ndani ya feri nimebanwa baina ya mikokoteni, na nikamwomba radhi kwa kuchelewesha! Mie huyu huyu, niliyebishana na muuza mabuyu juu ya shilingi kumi.

Mzigo ukaja saa tatu usiku. Nikaupitia bomba moja moja kwa sumaku, nimewasha tochi ya simu. Zote zikateleza. Nikamaliza deni.

Reli zilifungwa mwezi wa tatu, kaskazi limekata. Zilikuwa zinang'aa mpaka majirani walipanda kupiga picha. Mwezi wa tano kusi limeshika, rasharasha ya bahari inafika dirisha la juu, nikaona rangi ya chai kwenye viungo vilivyochomelewa. Nikafuta. Ikarudi. Baada ya wiki, michirizi inateremka kwenye ukuta mweupe chini ya kila skrubu. Skrubu mbili zilikatika mkononi mwangu kama biskuti. Halafu Jumapili mtoto wa Khadija akaegemea, na nguzo ya reli ikacheza. Ghorofa ya pili, jamani. Sikulala.

Yeye sasa "nakuja kesho inshallah", mara mbili. Baadaye nambari haipatikani.

Nikachukua kipande cha reli na kile cha ndoo, nikavipeleka kwa mafundi wa mashua kule Tudor. Kijana aliiona sumaku akacheka. "Mama, sumaku itakwambia tu kwamba hiki si chuma cha kawaida. Stenlesi aina ya 201 haishiki, 304 haishiki, 316 haishiki." Kinachopambana na chumvi ni molibdeni, madini yanayochanganywa kwenye stenlesi; 316 ina kama asilimia 2 hadi 3, na haionekani kwa jicho. Wao wana dawa ya matone: ukidondoshea na molibdeni ipo, rangi inabadilika. Reli yangu haikubadilika. Kile cha ndoo kikabadilika. Yaani sampuli ilikuwa ya kweli! Na skrubu ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Ukivikutanisha vyuma viwili tofauti penye maji ya chumvi, kimoja kinamla mwenzake.

Ami alipoona akaniuliza jambo moja tu: "Fort Jesus ina nondo gani?" Wareno waliianza ngome hiyo ya Mombasa 1593 kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Yeye angeniwekea ukuta mfupi wa mawe wenye matundu ya kupitisha upepo, basi. Nilimwona wa kizamani.

Dalili? Zilikuwapo. Hana karakana. Bomba hazina muhuri. Cheti cha kiwandani "kiko njiani na mzigo". Mzigo wa usiku. Hoteli aliyosema ameifungia reli, askari wa getini hamjui. Na ile ramani yake haina muhuri wa msanifu. Orodha ya BORAQS, bodi inayosajili wasanifu majengo, iko wazi, ningeangalia dakika tano tu, sikuangalia.

Lakini afungwe! Nimeshaandikisha OB polisi. Fort Jesus ilikuwa jela ya Waingereza kuanzia 1895 mpaka 1958, na mie ningeifungua tena kwa ajili yake peke yake. Dirisha lielekee kusi, na vyuma vya dirisha viwe vya kwake mwenyewe. Ingawa hapo atatoroka baada ya miezi miwili.

Aliyeuziwa kama mimi anitafute tuandikishe pamoja. Na yeye akisoma hapa, sumaku yake iko kwangu, imenasa kwenye mlango wa friji. Aje aichukue.