Mtoto mchanga alale na mama au kitanda chake?

Kila bibi ana jibu lake kwa swali hili. Kwa urahisi wa usiku, kitanda cha mama kinashinda: mtoto akianza kuhangaika kutafuta titi, unamgeukia tu kabla hajafika kulia. Miezi ya mwanzo, anaponyonya kila baada ya saa 2 au 3, hilo si jambo dogo. Gharama hakuna, na chandarua ni kimoja.

Ila kwa usalama, chake ndicho. Godoro gumu, shuka lililobana, bila mto wala blanketi zito, alazwe chali. Hakuna wa kumlalia. Madaktari wa watoto hushauri kiwe chumba kimoja na wazazi, walau miezi 6. Shida ni kuinuka kila mara, na fundi seremala hafanyi bure.

Wangu wa kwanza nililala naye. Wa pili nilimwekea chake ubavuni mwa changu, mkono ulifika.

Kama baba anakunywa, kuna anayevuta sigara, au mtoto ni njiti (kazaliwa kabla ya wakati), usijadili: chake. Kama hayo hayapo, ila chumba ni kidogo na kitanda cha pili hakiingii, godoro lishuke sakafuni mbali na ukuta, mito itoke, baba ahamie mkekani.